Mrija wa Ofwono

Mmeniaga vizuri, na ninashukuru. Hotuba zilikuwa ndefu na keki ilikuwa ndogo, kama ilivyo desturi ya ofisi yetu. Nilisikia mengi kuhusu moyo wangu wa kujitolea. Moyo kweli ninao, daktari ameupima na hakufurahishwa nao. Lakini kazi yenyewe haikutajwa na mtu, mpaka vijana wawili waliponifuata nje na kuniuliza: Mwalimu Nabwire, enzi zile mlipiganiaje haki za wasioona bila sheria, bila gari, bila hata semina moja? Niliwaambia nitawaandikia, basi haya hapa. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini, maana hata wakati ule habari hiyo ilimfurahisha mama yangu peke yake.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sitini. Uganda ilikuwa imeshapata uhuru wake, nasi wa Kenya tulikuwa tukiusubiri wetu huku tukijifanya hatuoni wivu. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, na kazi ilikuwa Tororo. Wiki nzima nililala Tororo kwa shangazi yangu, Jumamosi narudi nyumbani niwahi kanisa la Jumapili. Mpakani palikuwa na mti uliolazwa barabarani na askari mmoja aliyekuuliza habari za mama yako kabla ya kukuuliza unabeba nini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka. Ukifungua dirisha unaona Mwamba wa Tororo, ukilifunga unakosa hewa.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni la kanisani. Bosi wangu alikuwa Erifazi, mwenyeji wa Tororo, mwanamume wa makamo, kipofu tangu surua ilipompitia akiwa bado mchanga, tai shingoni na viatu vinavyong'aa kuliko vyangu. Mimi nilikuwa nimesomea ualimu, sikuwa nimesomea vipofu. Nikamsalimu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kisha nikamshika mkono, nikamwongoza hadi kwenye kiti chake mwenyewe, ndani ya ofisi yake mwenyewe, nikamkalisha. Akakubali kukalishwa. Alipokwisha kukaa akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha upande ule:

“Asante, Madamu. Sasa mimi nasimama tena, kwa sababu nilikuwa nakwenda choo. Na masikio yangu ni mzima.”

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mkitaka kujua, ndilo nililolifundisha miaka yote iliyofuata kwa maneno mengi zaidi.

Baada ya hapo alinifunga kitambaa machoni kila asubuhi nichemshe chai kwenye stovu ya mafuta ya taa. Chai ya siku za mwanzo aliinywa yote bila kulalamika. Aliniambia tu kwamba kwao chumvi hutiwa kwenye mboga. Ninyi leo mnasema watu wasioona, na mkiwa mbele ya wafadhili mnaongeza maneno mengine matatu. Sisi tulisema vipofu. Erifazi alikuwa akisema jina lolote ni sawa kwake, mradi mtu akishalitaja asimwachie barua mezani bila kumsomea.

Vifaa vyetu mtavicheka. Tulikuwa na kibao cha nukta nundu na kalamu yake ya chuma ya kutobolea karatasi. Tulikuwa na kamba ya katani na vigingi viwili vya mti, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko vyote: unachomeka vigingi huku na huku, unavuta kamba katikati, kipofu analima akiifuata, akifika mwisho anasogeza vigingi na kuanza mstari mwingine. Halafu kulikuwa na baiskeli. Mimi nilikanyaga, Erifazi akakaa nyuma kwenye keria, tai ikipepea. Siku hizi nasikia vijana wa Busia wakibishana ni nani aliyeanza biashara ya kubeba watu kwa baiskeli. Nawaacha wabishane. Mwanamke mwenye gauni kubeba mwanamume mwenye tai kuliwafanya watu waache majembe wasimame, na abiria wangu, ambaye hakuwahi kuona barabara maishani mwake, alikosoa kila kona. Alinusa njia. Hapa ni kwa mchinjaji, Madamu, kata kushoto. Hapa wanaanika muhogo, tumepita.

Fimbo nyeupe za kwanza zilipofika kutoka ng'ambo, tulitarajia watu waelewe kwamba mwenye fimbo haoni, wampishe. Watu wakaelewa kwamba mwenye fimbo ni mkubwa serikalini. Mama mmoja kipofu aliyekuwa akiuza samaki Majanji alituambia kwamba tangu apate fimbo anaamkiwa kwanza na samaki wake hawapungui tena kwenye beseni. Chifu wa gombolola moja, kama tarafa ya kwetu, alituomba yake. Tulimweleza kwa kirefu maana ya fimbo ile. Akasema ameelewa vizuri sana, lakini bado anaitaka.

Sasa niwaambie habari ya Ofwono, maana ndiyo kesi iliyonifundisha kazi.

Ofwono alikuwa mkulima wa Petta. Macho yake yaliugua akiwa ameshaoa, yakazimika yote mawili. Alikuja kwetu akajifunza kamba, akarudi kwao na kamba yake. Upande wa chini wa shamba la baba yao, karibu na kijito, palikuwa na kipande kilichojaa visiki ambacho hakuna aliyekitaka. Ofwono akakivamia. Aling'oa visiki kwa kupapasa mizizi yake mmoja mmoja, akapanda karanga. Nilizila karanga zile, na sijapata kula nyingine nikazisifu hivyo.

Kisha baba yao akafariki. Matanga yalipokwisha, wana watatu walitakiwa kugawana shamba: Oboth kaka mkubwa, Ofwono wa katikati, na mdogo wao. Siku moja mke wa Ofwono akasikia watoto wa Oboth wakijisifu kisimani kwamba shamba la karanga litakuwa la baba yao. Ikaja kujulikana kwamba mpango ulikuwa tayari. Ofwono hatapewa ardhi. Atatunzwa. Kaka mkubwa atamlisha yeye na mkewe na watoto, na kwa hiyo kaka mkubwa ndiye atakayechukua fungu lake. Ofwono aliposikia alikuja Tororo kwa miguu, fimbo mkononi, akakaa ofisini kwetu akasema hataki kuwa mgeni nyumbani kwao mpaka afe. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Nilijisikia vibaya mno, nikaahidi mambo ambayo sikujua nitayatimizaje.

Nilianza kama ambavyo ninyi mngeanza. Nilikwenda kwa chifu wa gombolola. Aliniambia ataliangalia jambo hilo, na nadhani mpaka leo analiangalia. Nikaomba nafasi kwenye baraza, nikatoa hotuba juu ya haki ya kipofu. Nilisema vizuri, ingawa ni mimi ninayesema. Wamama walifuta machozi, wanaume walipiga makofi, na kesho yake watu wa Petta walimpelekea Ofwono kuku. Kuku wengi. Familia ile ilikula nyama mpaka watoto wakaomba maharage, na shamba halikusogea hata mtaro mmoja.

Erifazi alinisikiliza nikilalamika njia nzima kurudi Tororo. Tulipofika mlimani, nikashuka kusukuma baiskeli, yeye akabaki juu kama kawaida yake, akasema:

“Madamu, ile shamba haiko ofisi. Iko kwa chungu.”

Kwa ambao hamjakulia kule, chungu ni chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi. Kinawekwa katikati ya ua, wanaume wanakizunguka kwenye viti vyao, kila mtu na mrija wake mrefu wa tete wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni, wananyonya polepole toka mchana. Pombe ikikauka, mwanamke wa nyumba anaongeza maji ya moto. Na pale ndipo mambo ya ukoo yanapokatwa: mahari, kesi za mbuzi, mipaka. Asiye na mrija hasemi. Hakatazwi kwa ukali, ila hana mahali pa kukaa. Ofwono alipopofuka, mrija wake alipewa binamu.

Lazima niseme hapa kwamba mimi nilikuwa mlokole. Bado ni mlokole. Nilikuwa nimeokoka tangu shule, pombe sijaigusa, na kanisani kwetu Busia mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha watoto wimbo wa kuikataa. Erifazi alipoelewa kwamba sasa mimi ndiye nitakayezunguka Petta nikidai kipofu apewe nafasi ya kunywa, alicheka mpaka nikaogopa ataanguka kutoka kwenye keria.

Tulikwenda kwa Oboth. Msifikiri nilimkuta mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Alitupa viti, akaniletea maziwa alipojua sinywi, akatueleza kwa upole kabisa. Chunguni kuna maji ya moto, je, ndugu yake akiungua? Kuna miguu na mirija imetapakaa, je, akikanyaga chungu kikavunjika, si ataona aibu? Ndiyo maana kila jioni humpelekea kibuyu chake nyumbani, hata siku moja hajasahau. Akamwita Ofwono aje athibitishe. Ofwono alikuja, akasimama mlangoni, akathibitisha.

“Ni kweli,” akasema. “Pombe nakuja kila siku. Maneno hapana kuja.”

Nilimwona Oboth akimtazama ndugu yake kama mtu aliyesikia mtoto wake akizungumza kwa sauti nzito kwa mara ya kwanza. Akasema basi, siku ya kugawa shamba, aje akae. Nadhani alikuwa na hakika kwamba maji ya moto ya kwanza yangemrudisha nyumbani.

Tulijiandaa kama watu wanaokwenda mtihani. Ofwono alikata tete jipya, mkewe akamsukia kichujio. Erifazi akadai mambo mawili tu. La kwanza, Ofwono akae ameegemea nguzo ya ghala, ili asipitwe na mtu nyuma. La pili, anayemimina maji aseme “maji” kabla ya kumimina. Wanaume walinung'unika kwamba sasa chungu kitakuwa na sheria kama reli. Baba mdogo wa akina Ofwono, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya msiba, akawauliza ni nani pale aliyewahi kuunguzwa na maji hayo. Ikabidi Oboth akunje suruali aonyeshe kovu gotini. Sheria ikapita.

Siku yenyewe nilikaa pembeni na wanawake, Erifazi akiwa mbele yangu na mrija wake. Alikuwa ameazimwa mrija kabla hata hatujasalimia. Walizungumza lugha yao, Kidhopadhola, naye kila mara aliinama nyuma kunitafsiria, na ninaandika kama alivyoniambia. Ofwono alikaa nguzoni, akanyonya, akatulia. Mke wa Oboth akaja na sufuria akasema “maji” kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Watu wakacheka, wakasogeza magoti. Hakuna aliyeungua siku ile.

Baba mdogo akaanza kugawa. Sasa, watu wa kule mkono ukiwa na mrija hawanyooshi kidole. Wanaonyesha kwa mdomo, wanachomoza midomo upande wa kitu na kidevu kinafuata. Akasema, shamba la Oboth linatoka barabarani linashuka mpaka pale. Akachomoza mdomo. Wote wakaguna kukubali. La mdogo linatoka nyumbani kwa marehemu linakwenda pale. Wakaguna tena. Walikuwa wameguna hivyo kwa majuma kadhaa, wamekubaliana kabisa, ilibaki kumaliza chungu.

“Baba,” Ofwono akasema, “pale ni wapi?”

Baba mdogo akamwambia, pale, si unapajua, na mdomo ukachomoza tena, safari hii kwa mtu asiyeuona.

“Ninapajua pengi,” Ofwono akasema. “Ni kwenye mvule au kwenye kichuguu?”

Oboth akajibu kwenye mvule. Mdogo wao, kwa wakati uleule, akajibu kwenye kichuguu. Wakageuka wakatazamana. Katikati ya kichuguu na mvule ndipo lilipokuwa shamba lote la karanga, na kila mmoja alikuwa amelihesabu kuwa lake. Ndugu wale wawili, wenye macho manne mazima, walikuwa wamekubaliana siku zote zile, kila mmoja na pale pake.

Basi kelele ikaanza, na kelele ya watu waliokunywa haina haraka ya kwisha. Erifazi aliacha kunitafsiria akanywa tu. Mimi nilikuwa nikitazama mikono ya Ofwono, ilivyoshika ule mrija kama kamba yake ya shambani. Mwishowe baba mdogo akapiga fimbo chini, akauliza swali moja, na Erifazi akarudi kunitafsiria: kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye mvule, nani aling'oa visiki?

Kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ofwono mwenyewe hakujibu, na nilikaribia kupiga kelele nimjibie. Erifazi alinyoosha mkono nyuma akanigusa goti, maana yake nyamaza, si shamba lako.

“Ofwono,” akasema Oboth. “Aling'oa Ofwono. Mimi nilikuwa nikimcheka.”

Alisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nimewahi kukutana na mawaziri, na hakuna niliyemheshimu kama nilivyomheshimu Oboth dakika ile. Baba mdogo akatamka mpaka kwa maneno, taratibu: la Oboth linaishia kwenye kichuguu, kutoka kichuguuni hadi kwenye mvule, na kutoka mvuleni kushuka hadi kijitoni, ni la Ofwono. Akamtaka kila mtu ayarudie. Walirudia kama watoto wa darasa la kwanza.

Nikapumua. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Katika ukoo ule, kila aliyesikia mpaka ukitajwa hunywa kwenye chungu kilekile, mwenyeji na mgeni, mwanamume na mwanamke. Asiyekunywa amekataa alichosikia, na kama mmoja amekataa, jambo linarudi mwanzo siku nyingine, kwa chungu kingine. Wanawake wakapewa mirija, wakanywa. Baba mdogo akanitazama mimi. Oboth akanitazama. Nikamwambia Erifazi awaeleze kwamba mimi nimeokoka. Akawaeleza. Wakasema vizuri sana, wanafurahi kwa ajili yangu, sasa ninywe.

Ofwono alinyanyua mrija wake kutoka chunguni, akaunyoosha upande ilikotoka sauti yangu.

“Mwalimu, chukua yangu,” akasema. “Usipokunywa, kesho watasema pale.”

Niliufikiria wimbo niliokuwa nikiwafundisha watoto. Nikaifikiria siku aliyokuja ofisini na sauti ile ya kutetemeka. Mengine sitaki kuyaandika kwa kirefu, kwa kuwa ninyi mna midomo. Niseme tu kwamba kile kitu ni cha vuguvugu na kichungu kidogo, kama uji uliosahauliwa jikoni, na sijui wanaume wanakipendea nini.

Habari ilivuka mpaka kabla yangu. Jumapili pasta wetu wa Busia aliniita mbele ya wazee wa kanisa akaniuliza ni kweli nimeonekana kwenye pombe Petta. Nilijibu kwamba nilikuwa kazini. Hakuridhika, akataka shahidi, na Jumapili iliyofuata Erifazi akaja Busia kwa basi, tai mpya, viatu vinang'aa. Pasta akamuuliza kwa heshima kama dada Nabwire aliweka mrija mdomoni.

“Pasta,” Erifazi akasema, “mimi ni kipofu. Sikuona kitu.”

Wazee wa kanisa wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Pasta alinikalisha benchi la nyuma mpaka Pasaka, kisha akanirudishia watoto wangu wa wimbo. Erifazi hakuacha kunitania. Kila tulipopita penye harufu ya wimbi alinigonga mgongoni akauliza kama Madamu ana kiu.

Baada ya Petta tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Hatukuanza tena na hotuba. Tulifika mahali tukauliza, mambo ya hapa hukatwa wapi? Kwenye chungu, kwenye kinu cha kusaga, kwa kinyozi, nje ya kanisa baada ya ibada? Kisha tukauliza kipofu wao hukaa wapi wakati huo. Mara nyingi jibu lilikuwa moja, amepelekewa chakula nyumbani. Ninyi sasa mna sheria, na ni jambo jema, nimetembea sana kuitafuta. Ila sheria haina kiti chunguni. Mtu ndiye anayekaa.

Siku mliyoniaga, mlipokuwa mkikata ile keki, aliingia binti mmoja amebeba kitu kirefu kilichofungwa magazeti. Wengine wenu mlidhani ni fimbo ya pazia. Alikuwa binti wa Ofwono. Baba yake sasa ndiye mkubwa wa ukoo, na ndiye anayegawa mipaka. Aliniambia kwamba nyumbani kwao mpaka leo mtoto akisema “pale” anaulizwa wapi. Kichuguu kilishalimwa zamani kikaisha, lakini wote wanajua kilipokuwa. Ule mrija baba yake hakuutumia tena tangu siku ile, alijikatia mwingine. Huu aliuhifadhi darini kwa jina langu, na kwa kuwa nimestaafu, ameona niwe nao. Nililia, mkadhani nalilia ofisi.

Nimeuegemeza nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Busia. Juma lililopita pasta mpya alikuja kunitembelea, kijana mzuri, akauona, akauliza ni kitu gani. Nilimjibu kwamba ni kifaa cha kazi. Akauliza kama niliwahi kukitumia. Nikamwambia hilo akamuulize Erifazi, yupo bado Tororo, mzee sana, tai shingoni, na alikuwepo.